Shauri, Baraza na Mahakama: Maneno ya Sheria na Historia Yake Katika Korogwe

Wapo wafasiri na walimu wanaodhani kwamba msamiati wa mahakama zetu ulitungwa mezani baada ya Uhuru, na watu walioshika kamusi ya Kiingereza mkono mmoja na ya Kiarabu mkono wa pili. Dhana hii ina ukweli kidogo tu. Sehemu kubwa ya maneno hayo ilitoka barazani, bomani na mashambani, ikapita katika vinywa vya majumbe, makarani, matarishi na washtakiwa, na ilipofika mezani ilikuwa imekwisha kujipatia maana zake. Katika makala haya tunaichukua Korogwe, pamoja na jirani yake Handeni, iwe kama dirisha la kuitazamia historia hiyo. Hatuichagui kwa sababu ni ya pekee. Twaichagua kwa sababu mambo yaliyotokea katika nchi nzima yalikutana hapo mahali pamoja: utawala wa kienyeji ulioheshimiwa, njia ya misafara ya pwani, reli, mashamba ya mkonge, na watu wa makabila mengi waliolazimika kushitakiana na kusuluhishana kwa Kiswahili.

Kabla ya wageni kuja, kuamua magomvi kulikuwa ndiyo kazi ya kwanza ya mtawala. Habari za Wakilindi, masimulizi ya Abdallah bin Hemedi yaliyoandikwa kwa Kiswahili, yanaonyesha jinsi Mbegha alivyopata utawala wa Usambaa: aliua wanyama waharibifu, akagawa nyama, akaamua mashauri ya watu. Wasambaa na Wazigua walimwita mkubwa wao zumbe, na zumbe aliyeshindwa kuamua hakuwa zumbe kwa muda mrefu. Mazinde, ambayo leo imo katika Wilaya ya Korogwe, ndipo alipokaa Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Hapo lugha za milimani zilikutana na Kiswahili cha misafara, na neno zumbe likaanza kuishi jirani na maneno ya pwani: liwali, akida, jumbe na kadhi.

Maneno haya manne hayakuwa na uzito mmoja. Liwali alikuwa mwakilishi wa Sultani wa Zanzibar katika miji ya pwani. Akida asili yake alikuwa mkuu wa askari. Jumbe alikuwa mkubwa wa mji au kijiji. Na kadhi alihukumu kwa sheria ya Kiislamu. Wadachi walipoichukua nchi waliyatwaa maneno liwali, akida na jumbe, wakayapanga upya kana kwamba ni vyeo vya jeshi. Akida akawekwa juu ya majumbe, akapewa eneo, karatasi na mhuri, na mara nyingi akaletwa kutoka pwani kwenda kuwatawala watu asiowajua. Basi neno lililokuwa na maana ya mkuu wa askari likawa na maana ya mtoza kodi na mwamuzi wa kesi ndogo. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu wafasiri wa nyaraka za kale hukosea hapa: akida wa mwaka 1860 na akida wa mwaka 1905 si mtu mmoja, ijapokuwa herufi ni zile zile.

Neno ambalo Wadachi walilipenda kuliko yote ni shauri. Kwa asili shauri ni jambo la watu wawili au zaidi kukaa na kutafuta njia. Ndiyo maana twasema kufanya shauri, kutaka shauri, kupeana mashauri. Siku bwana wa boma alipokaa kusikiliza malalamiko ya wenyeji, kikao hicho chote kiliitwa shauri, na Wadachi wakaliandika hivyo hivyo katika vitabu vyao kwa tahajia yao. Hapo ndipo neno la watu wanaoshauriana lilipogeuka kuwa neno la mtu mmoja anayeamuru. Mwisho wa shauri la namna hiyo mara nyingi ulikuwa kiboko, na hesabu yake, hamsa ishirini, ilibaki midomoni mwa wazee muda mrefu baada ya Wadachi wenyewe kuondoka. Hata hivyo maana ya kwanza haikufa. Mtanzania wa leo akimwambia mwenzake shauri yako, hamaanishi kesi yako mahakamani. Humaanisha uamuzi na matokeo yake ni juu yako. Lugha imeziweka maana zote mbili chini ya paa moja, nasi tunaona hakuna haja ya kuifukuza mojawapo.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, ikafika Mombo miaka michache baadaye. Pamoja na reli yalikuja mashamba, na pamoja na mashamba yalikuja makosa mapya ambayo zumbe hakuwahi kuyasikia. Mwaka 1907, katika wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, wenyeji waliwekewa kadi za kazi zilizowalazimisha kufanya kazi siku 30 kwa Mzungu katika kila miezi minne. Mtu aliyekosa kutimiza siku zake alikuwa na hatia. Chini ya Waingereza kadi hiyo iliendelea kwa sura nyingine, ikaitwa kipande: siku 30 za kazi zilizotakiwa kumalizika ndani ya siku 42. Wafanyakazi wa mkataba walioletwa kutoka mbali kuja Magunga, Ngombezi na Mazinde waliitwa manamba, neno lililozaliwa na namba walizopewa. Sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mfanyakazi aliyetoroka kazini kuwa mhalifu wa jinai, ingawa alichovunja kilikuwa mapatano tu. Wanafunzi wa sheria hufundishwa kwamba jinai na madai ni mambo mawili yaliyotengana. Mtu wa kipande angeshangaa kuambiwa hivyo.

Mashamba hayo yalikuwa na faida moja kwa lugha, hata kama hayakuwa na faida nyingine kwa mkata mkonge. Mnyamwezi, Mmakonde, Muha na Mzigua waliposimama mbele ya hakimu mmoja, hapakuwa na lugha ya kienyeji iliyowatosha wote. Kiswahili kikawa lugha ya ushahidi kabla ya sheria yoyote kukitambua hivyo.

Waingereza walibadili mpango. Gavana Donald Cameron, aliyefika mwaka 1925, aliuondoa utaratibu wa maakida, akawarudisha watawala wa kienyeji kwa Sheria ya Serikali za Wenyeji ya mwaka 1926. Mwaka 1929 ikatungwa sheria ya mahakama za wenyeji, ambayo iliziondoa mahakama hizo chini ya Mahakama Kuu na kuziweka mikononi mwa maafisa wa utawala. Tangu hapo mtu wa Korogwe aliyeshindwa mbele ya zumbe alikata rufaa kwa Bwana Shauri, yaani afisa wa wilaya, kisha kwa mkuu wa jimbo, kisha kwa Gavana. Tazama jina lenyewe, Bwana Shauri: mtoza kodi, mkuu wa polisi na hakimu wa rufaa, wote katika kofia moja. Zipo nchi zilizoandika vitabu vizima juu ya mgawanyo wa madaraka. Kiswahili kiliueleza ukosefu wake kwa maneno mawili.

Wenyeji hawakuziita mahakama hizo mahakama. Waliziita baraza. Baraza kwa asili ni ukumbi au kibao cha mbele ya nyumba, mahali ambapo mwenye nyumba huketi na wageni bila kuwaingiza ndani, na ambapo mpita njia anaweza kusimama akasikia. Kuita mahakama baraza kulikuwa na maana kwamba kesi husikilizwa mbele ya macho ya watu. Sheria ya mwaka 1951 ilibadili jina la kiserikali kutoka mahakama za wenyeji kuwa mahakama za mitaa, lakini midomoni baraza likabaki baraza.

Badiliko kubwa lilikuja baada ya Uhuru. Mwaka 1963 utawala wa machifu uliondolewa, na mwaka huo huo ikatungwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, iliyoanza kutumika mwaka 1964. Kwa mara ya kwanza mtu wa Handeni na mtu wa Dar es Salaam, mweusi na mweupe, waliwekwa katika ngazi moja: Mahakama ya Mwanzo, Mahakama ya Wilaya na ile ya Hakimu Mkazi, kisha Mahakama Kuu. Juu yake ilikuwapo Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977; mwaka 1979 Tanzania ikaunda Mahakama ya Rufani yake yenyewe, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali.

Kila jina katika ngazi hiyo lina historia. Mahakama ya Mwanzo ni tafsiri iliyofanikiwa, kwa kuwa humweleza mwananchi aanzie wapi. Hakimu Mkazi ni tafsiri ya neno kwa neno: mkazi wa wapi, na nani asiye mkazi? Jina hilo lilitoka katika desturi ya kikoloni ya kumtofautisha hakimu wa kazi aliyewekwa kituoni na afisa wa utawala aliyehukumu akiwa pia na kazi nyingine. Sababu imekufa, jina linaishi. Kuhusu hakimu na jaji, Kiarabu kilitupa neno moja lililotosha kwa wote wanaohukumu, nasi tukaongeza la pili kutoka Kiingereza ili kutenganisha daraja. Leo hakimu haketi juu ya Mahakama ya Hakimu Mkazi, na jaji haketi chini ya Mahakama Kuu. Mwalimu anayefundisha kwamba jaji ni neno la mtaani na hakimu ndilo sanifu humpotosha mwanafunzi wake.

Chini ya hakimu wako watu ambao vitabu vya sheria huwataja kwa haraka, lakini mwananchi huwaona kwanza. Karani hupokea ada na kuandika shauri katika daftari. Msajili hufanya kazi hiyo katika ngazi za juu kwa mamlaka makubwa zaidi. Tarishi hupeleka hati ya kuitwa shaurini, ambayo watu wengi bado huiita samansi. Dalali wa mahakama huuza mali ya aliyeshindwa ili hukumu ikazwe, na hapa Kiswahili kimefanya kazi nzuri: kukaza hukumu ni kama kukaza fundo, kwani hukumu isiyokazwa hulegea mkononi mwa mshindi.

Tungependa kukaa zaidi juu ya wazee wa baraza. Hao ni raia wanaoweza kuketi pamoja na hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Sheria ya Kiingereza iliwapa jina la watu wanaopima tu na kutoa maoni, na wafasiri wa kwanza, wakifuata njia hiyo, walipendelea kuwaita washauri wa mahakama. Mwaka 1969 sheria ilirekebishwa, wakapewa kura: uamuzi ukawa wa walio wengi, hata wazee wawili wakaweza kumshinda hakimu mmoja. Siku hiyo neno mshauri lilipoteza haki yake, maana mshauri hutoa shauri na mwingine huamua. Wananchi, ambao hawakuwa wamesoma marekebisho yoyote, walikuwa wakisema mzee wa baraza tangu zamani, na neno lao ndilo lililokuwa sahihi zaidi kisheria. Tena mzee hapa si wa umri wala wa jinsia. Mwanamke aliyeketi katika kiti hicho naye ni mzee wa baraza, na hakuna aliyeona ajabu.

Sheria hiyo ya 1963 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya Mahakama ya Mwanzo, na mawakili wakazuiwa kusimama humo. Mwananchi alijisemea mwenyewe. Lakini kuanzia Mahakama ya Wilaya mambo yaligeuka. Hapo shauri liliweza kuendeshwa kwa Kiswahili, ila kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, na Mahakama Kuu ilitumia Kiingereza. Kwa hiyo hakimu wa wilaya alikuwa na kazi tatu kwa wakati mmoja: kusikiliza kwa Kiswahili, kufasiri kichwani, na kuandika kwa mkono kwa Kiingereza. Shahidi aliambiwa aseme polepole, si ili aeleweke, bali kalamu ipate kumfikia.

Hatari ya utaratibu huo haikuwa ya nadharia. Tuchukue mfano wa kubuni. Mkata mkonge anashitakiwa kwa kuiba panga la shamba. Anasomewa shitaka, anajibu: Ni kweli, nililichukua. Huenda anamaanisha kwamba alilichukua na akaliiba. Huenda anamaanisha kwamba alilichukua kwa kuwa msimamizi alimruhusu, au kwa kuwa aliamini ni lake. Kwa Kiswahili maneno yake yanaacha mlango wazi, na mzee yeyote wa baraza angeuliza: ulilichukua kwa nini? Yakishaandikwa kwa Kiingereza kwamba jambo hilo ni kweli, mlango hufungwa. Kinachosomwa katika rufaa ni kukiri kosa. Mwaka 1973, katika shauri la Adan dhidi ya Jamhuri lililotoka Kenya, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu nazo zimeufuata: shitaka na viungo vyake vyote vielezwe mshtakiwa kwa lugha yake au lugha anayoifahamu, na akikiri, maneno yake yaandikwe kadiri iwezekanavyo kama alivyoyasema. Lakini maneno ya mtu yatakuwaje yake yakiandikwa katika lugha asiyoijua? Mara nyingi rufaa ilishinda kwa sababu maneno mawili, ni kweli, hayakutosha kuwa kukiri; na kwa kila rufaa iliyoshinda tunapaswa kuwakumbuka waliotumikia kifungo bila kukata rufaa.

Utata mwingine uko katika neno hukumu lenyewe. Kiingereza hutenganisha maelezo ya hakimu kuhusu nani ameshinda, amri inayotokana nayo, na adhabu anayopewa mkosaji. Kiswahili cha kila siku huyaita yote hukumu. Mwandishi wa gazeti akisema fulani amehukumiwa, msomaji hajui kama ametiwa hatiani au ametajiwa miaka yake. Katika matumizi ya mahakama utaratibu umekwisha kukaa vizuri: kutia hatiani kwa hatua ya kwanza, adhabu kwa ya pili, hukumu kwa maandishi yote, na uamuzi mdogo kwa jambo linaloamuliwa shauri likiendelea. Tunawaomba walimu waifundishe tofauti hii, kwani haihitaji neno jipya hata moja. Kadhalika tofauti ya rufaa na Rufani: kitendo ni rufaa, na Rufani ni jina la mahakama ya juu kama Katiba ya mwaka 1977 inavyoliandika.

Juhudi za kuyakusanya maneno haya zilianza mapema. Januari 1967 Rashidi Kawawa, aliyekuwa Makamu wa Pili wa Rais, aliagiza shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo likaundwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Na mwaka 1968 Chuo Kikuu, Dar es Salaam, kikatoa orodha ya istilahi za sheria iliyoongozwa na A. B. Weston, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria. Basi haikuwa kweli, kama ilivyodaiwa kwa miongo mingi, kwamba Kiswahili kilizuiwa kupanda ngazi za juu kwa kukosa maneno. Maneno yalikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa amri.

Amri ilikuja mwaka 2021. Februari mwaka huo Rais John Magufuli alimpandisha Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika uamuzi kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu Musoma, kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Na mwezi huo huo Bunge likarekebisha sheria ili lugha ya sheria na ya mahakama iwe Kiswahili, Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Mwaka huo pia mabaraza ya kata, yaliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1985, yaliondolewa mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi, yakabakiwa na kazi ya kusuluhisha. Hivyo neno baraza limerudi karibu na pale lilipokuwa, kwenye kibao cha mbele ya nyumba.

Vyombo navyo vimebadilika. Kwa miaka mingi mahakama ilikuwa na kalamu, mashine ya kupigia chapa, na pengine mwandishi wa hatimkato katika ngazi za juu. Mtu aliyetaka kukata rufaa kutoka Korogwe kwenda Mahakama Kuu, Tanga, alingoja nakala ya mwenendo wa shauri ipigwe chapa kutoka katika mwandiko wa hakimu. Mwaka 2018 zikatoka kanuni za kufungua mashauri kwa njia ya mtandao. Mwaka 2019 ikazinduliwa mahakama inayotembea, gari lenye chumba cha kusikilizia kesi, kwanza Dar es Salaam na Mwanza. Jina hilo tunalisifu, kwa kuwa ni jepesi na la kweli. Na si jambo geni, maana Bwana Shauri naye alihukumu akiwa safarini, chini ya hema. Kisha limekuja neno mahakama mtandao, na tangu 2023 mfumo wa mitambo unaosikiliza maneno ya mahakamani na kuyageuza kuwa maandishi na tafsiri, kazi ambayo kwa Kiswahili huitwa unukuzi.

Neno unukuzi linafaa, ila mfasiri aliangalie. Kunukuu katika matumizi ya zamani ni kuhamisha maandishi kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Sasa kinachonukuliwa ni sauti, na sauti ya mtu wa Handeni ina Kizigua ndani yake. Mtambo utakapoandika ni kweli, utayaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, jambo ambalo hakimu wa 1973 hakuweza. Lakini ukiyafasiri papo hapo, utaufunga tena mlango ule ule. Kwa sababu hiyo tunaona nakala ya Kiswahili ndiyo ihesabiwe kuwa kumbukumbu ya mahakama, na tafsiri iitwe tafsiri.

Limebaki neno kizimba. Kizimba ni tundu la kuku. Watu walilitumia kwa ile sehemu yenye ukingo wa mbao anamosimama mshtakiwa, na likakubalika hata kwa mahakimu. Leo mshtakiwa anaweza kusikilizwa akiwa gerezani, sura yake ikionekana kwenye kioo, pasipo ukingo wala mbao. Magazeti bado huandika kwamba amepandishwa kizimbani.